Pikipiki Imelala Miezi, Selfu Inalia Tak-Tak: Pima Betri na Chaji Kabla Hujanunua Kitu

Nilirudi kutoka Ukerewe Jumamosi jioni. Pikipiki nilikuwa nimeiacha stoo, Nyakato hapa Mwanza, miezi mitano. Nikaifuta vumbi, nikageuza ufunguo, taa ya nyutro ikawaka kijani hafifu kama kimulimuli mgonjwa. Nikabonyeza selfu. Tak. Nikabonyeza tena: tak-tak-tak-tak, na ile taa ya kijani ikazimika kabisa.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anapita alisimama, akatoa hukumu hata kabla hajashuka: "Betri hiyo, mzee. Kanunue nyingine." Nikanunua, elfu thelathini na tano. Wiki ya tatu ikalia tak-tak ile ile.

Betri mpya haikuwa na kosa. Na sasa nina wasiwasi kwamba hata ile ya zamani haikuwa nalo, ila nilikwisha kuiacha dukani ikauzwe kwa kilo. Nilinunua kabla ya kupima, basi. Haya yafuatayo ndiyo ninayoyafanya tangu siku hiyo, na mpangilio wake una sababu: betri kwanza, kisha betri ikiwa na mzigo, kisha chaji, mwisho uvujaji. Ukianzia katikati, mita itakuambia ukweli wa kitu kimoja nawe utaulaumu mwingine.

Kilichotokea wakati umelala

Betri ya pikipiki ni mabamba ya risasi ndani ya asidi, mambo yale yale aliyoanza nayo Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti mbili na kitu kidogo, jumla 12.6 hadi 12.8 ikiwa imejaa. Betri hujipunguza yenyewe hata ikiwa imekaa tu rafuni, na joto huharakisha. Sisi wa Mwanza hatuna baridi ya kuisaidia.

Kadiri chaji inavyoshuka, salfeti hujengeka juu ya mabamba. Hiyo ni kawaida, hutokea kila siku, na ukichaji inarudi kwenye asidi. Shida ni pale betri inapokaa tupu kwa wiki na miezi: ile salfeti inaganda, inakuwa fuwele ngumu, na chaji ya kawaida haiwezi tena kuiyeyusha. Kwa hiyo betri iliyolala tupu wiki moja ni mgonjwa wa homa tu, lakini iliyolala tupu miezi mitano huenda ni maiti. Mita ndiyo itakayotenganisha.

Halafu kuna wanyonyaji. Alamu, redio, kifaa cha kufuatilia pikipiki ambacho matajiri huwafungia vijana wa mkataba, chaja ya simu pale kwenye usukani. Chukua alamu inayokula miliampea 20. Ni kidogo sana, siyo? Zidisha kwa saa 24, unapata karibu nusu ampea-saa kwa siku. Betri ya Ah 7, yaani ampea-saa saba, inaisha ndani ya wiki mbili hivi. Mimi niliiacha miezi mitano.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya umeme ya kidijitali, hata ile ya bei rahisi ya njano. Spana namba 10, bisibisi ya nyota, msasa laini, mswaki uliochoka, mafuta ya mgando, na magadi yale ya kulainishia maharage. Balbu ya taa kubwa ya wati 35 iliyounganishwa waya mbili itakufaa sana kama selfu haifanyi kazi.

Neno moja kuhusu hizi mita rahisi: betri yake ya ndani ikichoka, husoma juu kuliko ukweli. Niliwahi kuona 13.4 kwenye betri iliyokuwa imelala, nikashangilia, kumbe mita ndiyo ilikuwa inakufa. Ukiona namba ya ajabu, pima kwanza betri ya gari zima au ya sola unayoijua.

Macho kabla ya mita

Fungua kiti au kava la pembeni. Pikipiki iliyolala stoo ni nyumba ya panya, na panya hupenda plastiki ya waya. Fuata waya kwa vidole kutoka kwenye betri hadi zinapoingia kwenye fremu. Angalia fyuzi, nyingi ni za ampea 10 au 15: usiiamini kwa macho peke yake, ipime kwa mlio wa mita, maana fyuzi huweza kukatika pale mguuni usipopaona.

Kama ni betri ya maji, utaona mistari miwili ubavuni, wa juu na wa chini. Maji yakiwa chini ya mstari wa chini, mabamba yamekaa uchi na sehemu hiyo pengine haitarudi. Kama ni betri kavu, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, tazama umbo lake: ikivimba tumbo, imepikwa na chaji kubwa. Hiyo usihangaike nayo, ila ikumbuke, kwa sababu betri haivimbi yenyewe. Kuna kitu kimeipika, na kitapika na mpya.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni kitu cha kawaida hapa kwetu, hasa pikipiki zinazolala Kirumba, Igombe na kote karibu na maji, kwenye unyevu usiku kucha. Koroga magadi kwenye maji ya vuguvugu, pakaa kwa mswaki, yatatoa povu na kuuma ule unga. Kwenye betri ya maji hakikisha vifuniko vimekazwa, tone la magadi likiingia ndani linaharibu asidi. Suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae.

Kufungua: hasi kwanza, kisha chanya. Kufunga: chanya kwanza, hasi mwisho. Ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa fremu tu utapata cheche ya kukumbuka, na juu ya betri ya maji huwa kuna gesi ya hidrojeni inayolipuka. Kwa sababu hiyo hiyo, sigara weka mbali.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imepumzika

Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, moja kwa moja juu ya risasi yenyewe wala si juu ya skrubu. Kila kitu kimezimwa.

Ukisoma 12.6 au zaidi, imejaa, na shida yako iko kwingine. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Chini ya 11.8 hesabu kwamba iko tupu. Namba ninayoiogopa ni 10.5 au karibu yake, ambayo hairudi juu hata baada ya chaji: toa volti mbili na kitu kutoka 12.6 utaona chumba kimoja kimekufa, mara nyingi kwa shoti ya ndani. Hakuna fundi wa kuifufua hiyo. Akikuambia anaweza, mwambie akuachie na dhamana ya mwezi.

Namba ya 6, 4, au 2 haimaanishi moja kwa moja kwamba imekufa. Inamaanisha imelala sana. Ichaji, uone.

Kuchaji, na onyo kuhusu vibanda vya mwaloni

Kanuni ni sehemu moja ya kumi. Betri ya Ah 7 ichajiwe kwa ampea 0.7, ya Ah 9 kwa 0.9, na ikiwa tupu kabisa itachukua kati ya saa 12 na 14. Yaani usiku mzima, polepole.

Hapa ndipo watu wa ziwani tunapoharibu. Kote mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kuna vibanda vya kuchaji betri za wavuvi wa dagaa, zile kubwa zinazowasha taa usiku wa giza. Chaja zake zimepangwa kwa betri ya Ah 70 au 100. Ukimpelekea kijana wa pale kibetri chako cha Ah 7 akakichomeka kwenye mstari mmoja na hayo mabeberu, kitapokea ampea nyingi kuliko inavyostahili, kitachemka, na jioni utarudishiwa kikiwa na volti 13 za kupendeza. Kesho asubuhi kina 11. Unarudi kumlaumu, naye anasema "si ulikuja nayo ikiwa imekufa, baba?" Na huna la kumjibu. Muulize kwanza kama ana chaja ndogo, au kama anaweza kushusha ampea. Kama hana, mshukuru uondoke.

Betri ya maji: kabla ya kuchaji ongeza maji ya betri kufunika mabamba tu, kisha baada ya chaji malizia hadi mstari wa juu, kwa sababu maji hupanda yakichajiwa. Fungua vifuniko, weka mahali penye hewa. Soma chupa kabla ya kumimina: ndani ya duka moja kuna chupa ya maji safi na chupa ya asidi, zinafanana kama mapacha, na asidi haiongezwi kwenye betri inayotumika. Kilichopungua ni maji, asidi imebaki humo humo. Maji ya ziwa, ya bomba na ya kisima yote yana chumvichumvi na yanakula mabamba. Rafiki yangu aliyetumia maji ya kisima akidai "maji ni maji" alinunua betri mbili mwaka huo.

Betri kavu: usiizidishie volti 14.7, na usijaribu kuipasua vifuniko.

Chaja nyingi za kisasa zinakataa betri iliyo chini sana, zinadhani hakuna kitu kimeunganishwa. Njia ni kuiunga na betri nzima ya volti 12, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika kumi hivi, ipande kidogo, kisha uiweke kwenye chaja. Kagua alama mara mbili, usikose pande.

Ukiwa unachaji, iguse kila saa. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono hauvumilii kukaa, zima. Na angalia kitu kimoja zaidi: betri yenye salfeti iliyoganda hupanda volti haraka sana, dakika chache tu mita inasema 15 na zaidi, huku ampea inayoingia ni karibu sifuri. Ukichomoa, inaporomoka. Mlango umefungwa, chaji inabisha hodi nje.

Ikijaa, ichomoe uiache usiku kucha. Volti za saa ile ile ya kuchomoa ni za uongo, zinakaa juu juu kama povu la soda. Asubuhi pima: 12.6 au zaidi, endelea hatua inayofuata. 12.4, ichaji tena mara moja. Ikiwa imeshuka hadi 12.1 au chini bila kuunganishwa na chochote, betri haishiki chaji, na sasa ndiyo una haki ya kwenda dukani. Lakini usiifunge mpya ukaishia hapo. Malizia vipimo vilivyobaki, vinginevyo utakuwa mimi.

Mzigo

Betri inaweza kuonyesha 12.7 na bado isizungushe selfu, kama mtu mwenye mwili mkubwa asiyeweza kubeba gunia. Funga betri kwenye pikipiki, mita iache kwenye vichwa vyake, bonyeza selfu sekunde mbili au tatu, macho kwenye namba. Nzuri hushuka hadi 11 au 10 na kitu, ikiachiwa inarudi haraka. Ikizama chini ya 9.6, imechoka.

Huna selfu? Tumia ile balbu ya wati 35. Inavuta karibu ampea 3. Iwashe dakika tano: betri nzima itatulia juu ya volti 12, mbovu utaiona inateremka mbele yako, 11.5, 11, 10. Usitegemee taa kubwa ya pikipiki kwa kipimo hiki, maana pikipiki nyingi za Kichina zenye asili ya injini ya Honda CG125, ile iliyotoka mwaka 1976, taa yake kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneti, zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka. Injini ikizimwa, haiwaki hata betri ingekuwa ya treni.

Sasa, selfu inalia tak-tak lakini betri inabaki 12.4 bila kushuka? Basi umeme haufiki. Chukua mita, nyeusi kwenye bloku ya injini sehemu isiyo na rangi, nyekundu kwenye kichwa cha hasi cha betri, bonyeza selfu. Unatafuta kiasi cha volti kinachopotea njiani. Alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ipuuze. Kikizidi 0.2, waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri, una kutu pale unapofungwa kwenye injini au fremu. Fungua ile bolti, sugua mpaka chuma kionekane, kaza, pakaa mafuta ya mgando juu yake. Ni kazi ya dakika kumi, na nimeona watu wakibadilishiwa selfu nzima kwa ajili ya kutu ya ukubwa wa sarafu.

Chaji yenyewe

Usipime chaji ukiwa na betri mbovu. Betri yenye shoti ndani itashusha volti, nawe utanunua rektifaya, kile kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri; iliyoganda salfeti itazipandisha, utanunua rektifaya vilevile. Azima betri nzima kama yako haikupita hapo juu.

Washa, kwa kiki kama unaweza, iache ipate joto. Pima kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma polepole bila kuongezewa moto, utaona 12.8 hadi 13.5, na si vibaya. Ongeza moto polepole mpaka mlio wa pikipiki inayopanda kilima cha Bugando kwa gia ya pili. Hapo namba inatakiwa kusimama kati ya 13.5 na 14.8, na ikifika huko isiendelee kupanda hata ukiongeza moto. Washa taa, kanyaga breki, rudia.

Ikibaki 12.6 na kushuka taratibu kadiri injini inavyofanya kazi, chaji haifiki. Ikipita 15 na kuendelea, rektifaya imeacha kazi ya kuzuia, nayo ndiyo inayovimbisha betri na kuunguza balbu kila wiki. Ikifika 13 tu na kukwama, au ikiruka-ruka kama inashtuka, fikiria soketi iliyolegea au koili moja iliyokufa.

Kuna mtindo wa mitaani ambao lazima niuseme. Fundi anawasha pikipiki, anachomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, akiona haijazima anasema "chaji iko vizuri hii." Betri ndiyo inayotuliza umeme wa rektifaya. Ukiichomoa, volti zinaruka juu ghafla, zinaweza kuua CDI (kile kifaa kinachotoa cheche ya plagi), balbu na hiyo rektifaya yenyewe. Tena kipimo hicho hakikuambii kitu: pikipiki nyingi CDI yake ina koili yake ndani ya magneti, haitegemei betri kabisa, kwa hiyo injini itaendelea kunguruma hata chaji ikiwa imekufa tangu mwaka jana. Fundi akinyoosha mkono kwenye waya huo, mwambie kwa heshima, "Fundi, huo acha, nina mita."

Kutafuta mkosaji: soketi, koili, rektifaya

Zima injini. Rektifaya ni kile kibati cha alumini chenye mapezi, kimefungwa kwenye fremu chini ya tangi au karibu na betri. Chomoa soketi yake.

Hapa nitasimama kidogo maana hapa ndipo pikipiki yangu iliponiumbua. Betri mpya ilikuwa imechajiwa hadi 12.7, nikaongeza moto, mita ikapanda hadi 12.9 ikakwama. Nilikuwa tayari na bei ya rektifaya kichwani. Nilipochomoa soketi, vipini vitatu kati ya vitano vilikuwa vimevaa unga wa kijani, na kimoja plastiki yake imegeuka kahawia kama ugali ulioshika chini. Unyevu wa miezi mitano ulikuwa umekaa humo. Nikakwangua kila kipini kwa kipande cha msasa kilichokunjwa kama kijiti cha meno, nikabana matundu ya upande wa pili kwa ncha ya bisibisi ili yashike, nikapakaa mafuta ya mgando kidogo, nikarudisha. Mita: 14.2. Gharama yake ilikuwa shilingi sifuri, ukiacha elfu thelathini na tano za betri.

Kama soketi ni safi, pima koili. Nyingi za Kijapani na baadhi ya za Kihindi zina waya tatu za njano kutoka kwenye magneti. Mita kwenye omu, alama ya chini kabisa. Kwanza gusanisha ncha za mita zenyewe, namba hiyo utaitoa. Kisha pima njano ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Mara nyingi utapata chini ya omu 2, na muhimu zaidi ni zote tatu zilingane. Halafu kila njano na bloku ya injini: mita isiseme kitu. Ikilia, koili imegusa chuma.

Zile za asili ya CG125 zina waya moja au mbili tu za chaji na taa, mara nyingi njano na nyeupe, na koili yake mara nyingi imefungwa athi makusudi. Ukiipima na bloku ikalia, usiihukumu.

Kipimo cha mwisho cha koili ni injini ikifanya kazi, soketi bado imechomolewa, mita kwenye volti za AC, alama ya 200. Pima kati ya njano na njano. Volti zipande pamoja na moto, na jozi zote tatu zilingane. Mbili zikipanda na moja ikabaki nyuma, koili imeungua, ipeleke kusukwa upya au ununue nyingine. Vidole mbali na waya, huo umeme unauma.

Koili ikiwa nzima, kagua waya unaotoka rektifaya kwenda chanya ya betri: kwenye soketi, usome volti zile zile za betri. Ikiwa sifuri, kuna fyuzi au waya umekatika katikati. Kagua pia athi ya rektifaya, na kama imefungwa kwenye fremu iliyopakwa rangi juu ya rangi, kwangua. Vyote hivyo vikiwa salama na chaji bado haipo, ndipo unapoinunua. Chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani, ulinganishe idadi ya vipini na rangi za waya. "Ya Boxer" au "ya TVS" peke yake haitoshi, matoleo yanatofautiana.

Uvujaji

Betri nzuri, chaji nzuri, lakini ukiiacha siku tano haiwaki. Kuna kinachonyonya.

Toa ufunguo. Fungua waya wa hasi. Hamishia ncha nyekundu ya mita kwenye tundu la ampea 10, uiweke kati ya waya wa hasi na kichwa cha hasi, yaani umeme upite ndani ya mita. Ikisoma karibu sifuri, shuka alama ya miliampea. Usigeuze ufunguo wala kugusa selfu wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita.

Pikipiki isiyo na alamu inatakiwa isome chini ya miliampea 1 au hapo hapo. Yenye alamu au kifaa cha kufuatilia, chache hadi ishirini na kitu. Ikizidi hapo, chomoa kimoja kimoja huku ukiangalia namba: redio, chaja ya simu, alamu, waya zile ambazo kijana wa taa za rangi alizikunja kwa selotepu. Namba ikianguka, umempata. Watu wengi husahau kuchomoa rektifaya. Ndani yake kuna diodi, na zikichakaa huruhusu umeme urudi kutoka kwenye betri kwenda kwenye koili usiku kucha. Pikipiki inachaji mchana 14.3 safi kabisa, asubuhi haiwaki, na kila fundi anasema betri.

Ukisafiri tena

Fungua waya wa hasi, basi, hilo peke yake linaondoa wanyonyaji wote. Kama utakaa zaidi ya mwezi, itoe betri uiache na mtu wa kuichaji mara moja kwa mwezi. Imani ya kwamba sakafu ya saruji inanyonya betri ni ya zamani za makasha ya mbao na mpira; plastiki ya siku hizi haijali, ingawa rafuni watoto hawaifikii. Kipaneli cha sola cha wati 10 kinatosha kuishikilia, lakini lazima kipitie kidhibiti chaji. Paneli hiyo bila mzigo inaweza kufika volti 20 na zaidi, na ukiiunga moja kwa moja miezi mitano utakuta betri kavu kwa maana mpya. Ile iliyokufa kweli iuze kwa wanunuzi wa chakavu ikiwa na asidi yake ndani, usiimwage kwenye mfereji unaoingia ziwani.

Siku hizi yangu ina kipande cha plasta ubavuni, nimeandika kwa kalamu: 12.74, na tarehe niliyopanda meli ya Nansio. Nikirudi napima kabla hata ya kufuta vumbi. Mara ya mwisho ilisoma 12.51.